Kile kidude cha kuchomeka ukutani hakipunguzi bili

Swali: Habari fundi. Nilinunua kifaa cha kuokoa umeme, kile cha kuchomeka kwenye soketi kinawaka taa ya kijani, nikaambiwa bili itashuka nusu. Mwezi umeisha bili ni ileile. Muuzaji anasema kwa kuwa nina friji na hita ya maji kimoja hakitoshi, niongeze cha pili. Niongeze? Taa zote nilishaweka za LED na TV huwa nazima ukutani kabisa.

Jibu: Usiongeze, na hicho ulichonacho kichomoe. Yani hili swali naulizwa kila kukicha na inaniuma, maana wanaouliza ni watu kama wewe ambao wameshajibana kwenye kila kitu halafu anakuja mtu na kiboksi anawamalizia hela.

Ndani ya hicho kiboksi kuna kapasita ndogo (kile kidude kinachotunza umeme kidogo na kuuachia papo hapo) na kataa, basi, na vingine ukivifungua hata hiyo kapasita ni ya kuchekesha. Kapasita kazi yake inajulikana. Vitu vyenye mota kama feni na friji vinavuta umeme wa aina mbili, ule unaofanya kazi kweli na ule unaoenda na kurudi tu kwenye waya bila kufanya kazi yoyote. Kapasita inapunguza huu wa pili. Viwandani wanafunga kubwa kabisa kwasababu wao wanatozwa na huo pia, lakini mita ya nyumbani inahesabu uniti, yani ule uliofanya kazi, sasa huo mwingine ukiupunguza unaokoa nini wakati hukuwa unaulipia?

Najua utasema mbona alinionyesha kwa macho yangu. Ndiyo, alikuja na feni au kamota kadogo, akabana waya na ile mita ya kubana inayosoma ampia, yani umeme wote unaopita kwenye waya, wa aina zote mbili, akachomeka kiboksi ampia zikashuka na wote mkashangaa. Ampia zimeshuka kweli, wati, yani ule umeme unaofanya kazi na unaoulipia, hazijashuka. Mwambie arudie na pasi au hita, ambazo hazina mota, uone kama namba itashuka, hapo ndo utasikia betri ya mita imeisha.

Kama huniamini pima mwenyewe. Angalia mita yako, nyingi zimeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kile kitaa kikipepesa mara 1000 umekula uniti moja. Zima kila kitu uache feni tu, hesabu kinapepesa mara ngapi kwa dakika 20, halafu chomeka kiboksi uhesabu tena. Hutaona tofauti ya maana.

Bili yako iko kwenye hita. Hita ya wati 3000 ikivuta umeme saa moja imekula uniti 3, wakati taa ya wati 9 inahitaji masaa zaidi ya 330 kufika hapo. Washa kabla ya kuoga, zima ukimaliza, na usidanganywe kwamba kuiacha siku nzima ni nafuu, maji yakiwa moto yanapoteza joto muda wote na hita inalirudisha kwa hela yako. Friji kagua mpira wa mlango, bana karatasi ukifunga, ikichomoka kirahisi mpira umekwisha.

Ila kiboksi angalau kinakula hela tu. Wanaoniogopesha ni wale wa "nitakurekebishia mita", wanachezea nyutro, ule waya unaorudisha umeme, halafu umeme wanaurudisha kwa waya wa ethi, ule unaokwenda ardhini. Mita inapunguza kuhesabu kweli, nawe unafurahi, kumbe ule waya uliowekwa kukulinda sasa ndo unabeba umeme, na ethi ikiwa mbovu umeme unajaa kwenye bodi ya friji na kwenye bomba la bafuni, mtoto anafungua maji anapigwa shoti. Na ni wizi, ukikamatwa aliyekufungia hayupo, jina kwenye mita ni lako. Kama huyo muuzaji au mwenzake aliwahi kufungua boksi lako la umeme, au bomba linatekenya ukiligusa, usianze kupapasa nyaya, zima swichi kuu, watu wasiguse bomba, na uite fundi mwenye leseni apime ethi kabla hujawasha tena.