Jiko la peleti kwenye nyumba ya kupanga: saini kwanza, jiko baadaye

Dada mmoja anayeishi Bergamo ameniandikia: "Kaka, nimepata jiko la peleti kwa nusu bei, mwenye nyumba hana neno, ninunue?" Nikamjibu asinunue. Akanuna. Jiko la peleti ni jiko la kupasha nyumba moto, linalochoma vijiti vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Basi nieleze kwa urefu, maana kila Oktoba, baridi ikianza kuuma huku kaskazini mwa Italia, swali ni hilohilo.

Mimi nilipanga kijiji cha milimani juu ya Brescia, mahali ambapo bomba la gesi halifiki. Nyumba ilipashwa moto kwa gesi ya tangi lililofukiwa bustanini, na siku lori linapokuja kulijaza ndiyo siku mshahara unapoaga. Watoto walifanya kazi za shule wamevaa makoti. Mama watoto akaniambia, ama tuhame ama utafute dawa.

Nikamwendea mzee mwenye nyumba. "Fanya unavyotaka," akasema, huku anafunga geti. Wengi wangeishia hapo kwa furaha. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeona ndugu wakishtakiana kwa ajili ya nyumba iliyogawiwa kwa maneno matupu. Nikamwambia, mzee wangu, tuandike. Akachukia, akaniuliza kama namwona tapeli. Nikarudi, nikarudi tena, safari hii na chupa ya mvinyo ambao mimi mwenyewe sinywi. Akatia saini.

Karatasi ile ilisema mambo matatu: naruhusiwa kufunga jiko, naruhusiwa kupitisha dohani, yaani bomba la moshi, na nikihama nitaling'oa au atanilipa. Sikuyatoa kichwani. Sheria ya kiraia ya Italia, kifungu cha 1592, inasema mpangaji aliyeboresha nyumba bila ridhaa ya mwenye nyumba hadai kitu. Ridhaa ikiwepo, hulipwa kiasi kilicho kidogo kati ya gharama aliyotoa na thamani iliyobaki siku anapokabidhi nyumba. Kifungu cha 1593 kinamruhusu kung'oa alichoongeza, mradi asiharibu nyumba, isipokuwa mwenye nyumba akitaka kibaki, na hapo lazima alipe. Huyo "hana neno" wa Bergamo ukimpeleka mbele ya hakimu atakuwa na maneno mengi sana.

Jiko lenyewe halina taabu. Unamwaga peleti juu, parafujo inazisukuma kidogokidogo, umeme unaziwasha, feni inasukuma moshi nje. Umeme ukikatika linazimika, jambo ambalo sisi wa Bongo hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Taabu iko kwenye moshi. Hapa hutoboi ukuta ukampulizia jirani dirishani: dohani hupanda mpaka juu ya paa, na paa si lako. Kwenye ghorofa ni la wote, kwa hiyo utaanza kubembeleza watu ambao hata salamu hawakujibu. Tena Lombardia, mkoa wenye Bergamo na Brescia, haikubali kufungwa jiko lenye chini ya nyota 4, nyota zinazoonyesha jiko linachafua hewa kiasi gani. Dada yangu, hilo la nusu bei lina nyota ngapi? Hakuniambia.

Habari za kutoboa na kupima naziruka, hiyo ni kazi ya fundi. Lakini fundi awe mwenye kibali, na akimaliza akupe dichiarazione di conformità, hati ya kuthibitisha kwamba kazi imefuata kanuni, kwa mujibu wa amri ya wizara ya mwaka 2008. Fundi wa Jumamosi, shemeji wa rafiki, hawezi kuitoa. Dohani ikivuja, hutajua: kaboni monoksidi, gesi ya moshi inayoua, haina harufu, na wanangu walilala chumba cha pili.

Tulivyoota moto msimu ule! Sebule nyuzi 21, watoto miguu mitupu. Peleti nilinunua kiangazi, mifuko ya kilo 15, daraja la A1, ambalo majivu yake hayazidi asilimia 0.7. Walionicheka kwa kujaza gereji mwezi wa Juni walinyamaza 2022, vita vya Ukraine vilipofanya mfuko uliokuwa kama yuro 5 upite 10.

Sisi wageni tunaona haya kudai karatasi. Tunadhani tukiwa wapole tutapendwa. Acheni! Mwitaliano mwenyewe hapangi bila mkataba wa maandishi, wewe unafunga jiko la maelfu kwa kutikisiwa kichwa? Na kama mkataba wako umebakiza mwaka mmoja, nunua mablanketi. Narudia: saini kwanza.

Tulipohama, mzee aliamua jiko libaki. Alinilipa, kwa kifungu cha sheria na kwa kinyongo, baada ya kulalamika kwamba nimemtoboa ukuta. Mwezi uliofuata nyumba ikatangazwa mtandaoni, kodi imepanda, na picha ya kwanza kabisa ni jiko langu linawaka. Picha hiyo niliipiga mimi.