Ukimpenda kozi, anza na njiwa

Wadogo zangu mnaoanza mwaka wa kwanza hapa Dodoma, kila muhula ananijia mmoja wenu na swali lile lile: nimpate wapi kozi, yule ndege mwindaji, nimfundishe kuwinda, kama wanavyofanya Waarabu? Nilipofika niliuliza hivyo hivyo. Nisikilizeni kabla hamjamlipa kijana anayetembeza kinda la mwewe kwenye boksi.

Kozi, kipanga, mwewe na tai ni wanyamapori. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwakamata bila kibali. Na hata ungekuwa nacho, ratiba ya mwanafunzi haimfai ndege huyo. Wanaowinda na kozi humpima kwenye mizani kila siku, gramu kwa gramu: akishiba kupita kiasi haoni sababu ya kurudi mkononi, akikonda kupita kiasi anakufa. Wahenga walisema kozi mwandada, kulala njaa kupenda, yaani fundi wa kuwinda akilala njaa ni kwa kutaka kwake. Huyo ni wa porini. Wa kwako atalala njaa kwa sababu ulichelewa maabara.

Anza na njiwa, jozi mbili tu. Hosteli si mahali pake. Tafuta chumba Ng'ong'ona au mtaa mwingine wa jirani, na zungumza na mwenye nyumba kabla ya kununua hata ubao mmoja. Banda liinuliwe juu ya nguzo kwa ajili ya paka na nyoka. Mlango uangalie magharibi, maana upepo wetu huvuma zaidi kutoka mashariki, na usiku wa Juni na Julai una baridi kali. Chakula hakisumbui: tuko kwenye nchi ya mtama na uwele. Ongeza kunde au choroko kidogo, changarawe, na maji safi kila asubuhi.

Sasa sehemu ninayoipenda. Wafungie wiki tatu hivi, wakiona nje kupitia wavu. Kila jioni kabla ya kuwapa chakula, tikisa kopo lenye mtama na upige mluzi ule ule. Siku ya kuwafungulia iwe jioni, wakiwa na njaa kidogo. Watazunguka juu ya mabati mara mbili tatu, utikise kopo, halafu utasikia mbawa zikipiga karibu na sikio lako. Anayewinda na kozi anaanzia papo hapo: njaa ya kiasi, ishara moja, saa ile ile.

Mayai huwa mawili na huatamiwa siku 17 au 18. Dume hushika zamu ya mchana. Ukirudi kutoka kipindi cha saa sita ukamkuta yeye kwenye kiota, usidhani jike amekimbia.

Mwaka wangu wa pili, wiki ya testi, nilijaza bakuli la chakula la siku tatu na ndoo ya maji, nikajifungia kusoma. Ndoo ilipinduka siku ya kwanza. Njiwa wazazi walikwenda kutafuta maji mbali, na niliporudi makinda mawili yalikuwa baridi, magole yao, vile vifuko vya chakula shingoni, yamelegea kama mfuko mtupu. Wakubwa nao hawakuitikia kopo kwa wiki nzima. Tangu hapo nina mwenzangu wa zamu, na tulikubaliana tarehe za UE (mitihani ya mwisho wa muhula) na za fildi (mafunzo kwa vitendo) kabla muhula haujaanza. Usipompata mtu huyo, usinunue ndege. Nasema hivyo kwa uchungu.

Kozi mwenyewe utamwona bure. Mtama unapokomaa, fuata makundi ya kweleakwelea, wale ndege wadogo wanaokula nafaka, kaa kimya kwenye majabali yanayotazama mashamba, uende na darubini na daftari. Andika saa, upepo, alikotokea, kama alipata au alikosa. Mara nyingi hukosa. Daftari langu la kwanza lilijaa kabla sijamaliza mwaka wa tatu, na kurasa nyingi zimeandikwa neno hilo moja: amekosa.