Maswali kwa Fundi: Tairi la Mbele na Mlima wa Amani

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni dereva wa bodaboda, kijiwe changu kipo Kange hapa Tanga. Kila wiki napeleka bidhaa za madukani Amani kupitia Muheza, hasa madumu ya mafuta ya kula, sukari na sabuni, na kurudi na iliki au pilipili manga. Pikipiki yangu ni ya CC 150 na tairi la mbele ni lile la mistari lililokuja nayo, 2.75-17, yaani upana inchi 2.75 na rimu ya inchi 17. Kwenye lami sina tatizo lolote. Nikishapita Sigi na kuanza kupanda, hasa mvua ikiwa imenyesha, usukani unakuwa mwepesi mno. Nikikata kona, tairi la mbele linanyoosha kana kwamba sijaligeuza, na mara nyingine linahama lenyewe na kuingia kwenye mfereji. Wenzangu wananishauri nifunge tairi la kashata, lile la meno makubwa, la 3.00-17 mbele na ninunue shokapu mpya. Je, hela hiyo itakuwa imekwenda mahali pake?
Msomaji, Kange, Tanga

JIBU: Marahaba. Nianze na jambo ambalo wenzako hawakulitaja. Gurudumu la mbele huiongoza pikipiki kwa kadiri ya uzito unaoligandamiza ardhini, na tairi lisilo na uzito juu yake, liwe la mistari au la kashata, haliwezi kuuma udongo. Wewe mwenyewe umeandika kwamba usukani unakuwa mwepesi na kwamba wepesi huo unaanza mlimani. Hiyo ni dalili ya uzito uliohamia nyuma, na ndipo ningeanzia kabla ya kulilaumu tairi.

Tupige hesabu kwa mfano. Ekseli za pikipiki kama yako zinaachana kwa takriban sentimita 130. Ikiwa pikipiki ina kilo 120 na wewe una kilo 65, gurudumu la mbele hubeba kilo 75 hivi mkiwa tambarare bila mzigo. Sasa funga mzigo wa kilo 50 kwenye keria, katikati ya mzigo huo pakiwa sentimita 25 nyuma ya ekseli ya nyuma. Mzigo huo hauligandamizi gurudumu la nyuma tu, bali unalinyanyua la mbele kwa karibu kilo 10, kwa kuwa 50 mara 25, ukigawa kwa 130, ni 9.6. Kisha ingia kwenye mwinuko unaopanda mita 15 katika kila mita 100 za njia, na kilo nyingine zaidi ya 20 zitahamia nyuma kwa sababu ya mwinuko wenyewe. Mbele zimebaki kilo zisizofika 50, na ukivuta mafuta kwa ghafla zinapungua tena. Hapo ndipo tairi linaponyoosha ukilitaka likate kona.

Chukua sasa mzigo uleule uuvute mbele, ukae juu ya sehemu ya abiria, sentimita 25 mbele ya ekseli ya nyuma. Badala ya kuondoa karibu kilo 10 kwenye gurudumu la mbele, utaongeza karibu kilo 10. Tofauti ni kama kilo 20, na hujatoa hata shilingi. Dumu la lita 20 la mafuta ya kula lina kilo 18 na ushee, hivyo ukiwa na madumu mawili, yaning'inize ubavuni, moja kila upande, karibu na mapaja yako kadiri nafasi inavyoruhusu, ukihakikisha kwamba la upande wa ekzosi haliligusi bomba. Sabuni na vitu vyepesi ndivyo viende kwenye keria. Nimeona madereva wengi wakifanya kinyume chake kwa sababu siti wameiweka akiba kwa abiria wa njiani. Ukweli ni kwamba abiria na mzigo wa kilo 50 kwenye njia ile ya udongo mwekundu ni biashara ambayo hakuna tairi litakaloiokoa.

Jambo hili haliko kwenye pikipiki peke yake. Zile mashine za theluji zinazopanda milima ya Kanada na Marekani hazina gurudumu la mbele. Mbele zina skii mbili za plastiki, yaani vibao virefu vya kuteleza, kila moja ikiwa na chuma chembamba chini yake cha kuuma theluji, na nyuma zinasukumwa na mnyororo mpana wa mpira. Wenye mashine hizo nao hupenda kununua skii pana zaidi ili zisizame kwenye theluji laini na zigeuke vizuri. Lakini ukanda unaozuia springi za mbele za mnyororo zisitanuke kupita kiasi ukiwa umelegezwa mno, mashine hukalia kitako inapopanda na skii, hata ziwe mpya, zinaelea tu juu ya theluji. Wanaozijua huurekebisha ukanda huo kwanza, kisha ndipo wanapouliza bei ya skii.

Kabla hujaenda dukani, nakuomba pia uikague shingo ya usukani, kwa sababu umesema tairi wakati mwingine linahama lenyewe, na hilo halielezwi na uzito peke yake. Weka pikipiki kwenye stendi ya kati, mtu mmoja akandamize nyuma mpaka gurudumu la mbele linyanyuke, nawe uchuchumae mbele yake. Shika miguu ya shokapu huku chini, karibu na ekseli, uivute kwako na kuisukuma. Ukisikia mgongano mdogo, "ko, ko", au ukihisi mchezo mikononi, beringi za shingo zimelegea au zimekwisha. Kisha geuza usukani polepole kwa kidole kimoja kutoka kushoto kwenda kulia. Unatakiwa uteleze bila kusita. Ukihisi unaingia kwenye kishimo pale katikati, ambapo tairi linatazama mbele, ujue vibakuli vya beringi vimechimbika, na hakuna kukaza nati kutakakoliponya tatizo hilo. Usukani wenye kishimo hicho hukataa marekebisho madogo madogo unayoyahitaji kwenye utelezi, kisha huyakubali yote kwa mkupuo, na hapo dereva husema pikipiki imehama. Badilisha beringi pamoja na vibakuli vyake, weka grisi ya kutosha, na fundi asikaze kupita kiasi, maana shingo iliyokazwa mno ina tabia ileile ya kukataa. Mkiwa bado mmenyanyua gurudumu, litikise na lenyewe kushoto na kulia kusikiliza beringi za ekseli, na uzigonge spoku kwa spana ndogo: inayotoa sauti butu imelegea.

Sasa tairi. Baada ya hayo yote, ushauri wa wenzako una ukweli ndani yake. Tairi la mistari limetengenezwa kwa ajili ya kunyoosha na kukata kona kwenye lami, na udongo wa mfinyanzi wa Amani, mahali panapopata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, hujaa kwenye mistari hiyo katika mita chache za mwanzo, kisha unabaki unaendesha juu ya kitu laini kabisa. Kashata zilizoachana huutema udongo kadiri gurudumu linavyozunguka. Hata hivyo wewe unakwenda kwa lami kutoka Tanga hadi Muheza, kwenda na kurudi, na kwenye lami yenye maji kashata kubwa zinagusa barabara kwa eneo dogo, zinayumba ukifunga breki, na zinaisha haraka. Kwa safari kama yako singefunga kashata kubwa za mashindano. Ningechagua tairi lenye meno ya wastani, ambayo katikati yamekaribiana na pembeni yameachana.

Kuhusu upana, 3.00 ni robo inchi tu zaidi ya 2.75, yaani milimita 6 na kidogo, na kwa kawaida rimu ileile hulichukua. Tatizo linaweza kuwa madigadi. Tairi la 3.00 ni refu zaidi kwenda juu pia, na meno yake yanaongeza urefu. Ikiwa kati ya tairi na madigadi hapapiti vidole viwili, mfinyanzi utajaa humo, ukauke, na kulikaba gurudumu ukiwa kwenye mteremko. Angalia pia nafasi ya kila upande, kati ya tairi na miguu ya shokapu. Kama nafasi haitoshi, baki na 2.75 yenye meno, wala usikubali fundi akate madigadi kwa msumeno, kwa kuwa tope lote litakuja kwenye injini na machoni mwako. Pikipiki ambazo waya wa spidi unatoka kwenye gurudumu la mbele, spidi itasoma pungufu kwa takriban asilimia 2, jambo ambalo si la kukunyima usingizi.

Ukiwa dukani, soma ubavu wa tairi. Kwa mfano, maandishi 2.75-17 47P yana maana kwamba tairi hilo linabeba hadi kilo 175 na mwendo wa hadi kilomita 150 kwa saa. Tafuta pia tarakimu nne za tarehe. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na mpira uliokaa rafu miaka mingi umekuwa mgumu hata kama unang'aa. Mshale ulioko ubavuni lazima ufuate mzunguko wa gurudumu. Tairi likishafungwa, siku za mwanzo usilaze pikipiki sana kwenye kona, maana mpira mpya huwa na utelezi.

Upepo nao ni nusu ya tairi. Anza na kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Ukifika kwenye tope unaweza kupunguza kidogo mbele, paundi tatu au nne, ili tairi litanuke na kuuma, lakini usiendelee kushuka zaidi: upepo ukiwa mdogo mno, tairi huteleza juu ya rimu, huivuta tyubu, na valvu hukatika shinani. Ukirudi Muheza, jaza tena kabla ya kuingia kwenye lami.

Shokapu mpya usinunue bado. Mwaga mafuta ya zamani, badilisha sili kama kuna unyevu wa mafuta kwenye mabomba, na weka mafuta ya shokapu ya uzito na kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu, sawa kwa miguu yote miwili. Mafuta ya injini ni mazito mno, na mguu uliobonyea huchelewa kurudi kabla ya kukutana na shimo la pili. Na unaposhuka na iliki yako, tumia gia ndogo. Wale wanaoshuka frii kwa kuokoa mafuta wanaiachia breki moja kazi ya injini nzima.

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Nabeba samaki na mwani kati ya Mlingotini na Bagamoyo mjini. Kwenye mchanga usukani unatikisika, na kuna fundi anataka kuweka vipande vya bomba juu ya springi za shokapu za mbele ili pikipiki inyanyuke. Je, nimruhusu?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Waaleikumu salaam. Kama springi zimechoka na kufupika, ukizipima na mpya utaona, na dawa yake ni springi nyingine. Bomba refu huzibana springi zikakosa nafasi ya kufanya kazi, na ncha zake zilizokatwa kwa msumeno humwaga unga wa chuma ndani ya mafuta na kula sili. Mchanga nao hautaki mambo yale niliyomweleza ndugu wa Kange; hapa gurudumu la mbele likiwa jepesi kidogo ndiyo heri, hivyo sogea nyuma kwenye siti, legeza viwiko, vuta mafuta kwa utulivu bila kuyakata ghafla, na uache usukani utikisike kidogo bila kupigana nao. Kinachonitia wasiwasi zaidi kwako ni maji ya chumvi yanayochuruzika kutoka kwenye magunia ya mwani. Jioni imwagie pikipiki maji yasiyo na chumvi, uyapanguse mabomba ya shokapu kwa kitambaa, na shingo ya usukani ifunguliwe na kutiwa grisi mara nyingi zaidi kuliko kitabu kinavyosema.