Maswali ya Wasomaji: Matundu 140 kwenye nguzo za fremu ya mazoezi

SWALI: Ninajitengenezea fremu ya kuinulia vyuma, yenye nguzo nne za bomba la chuma la mraba lenye upana wa milimita 60 na ukuta wenye unene wa milimita 3. Kila nguzo nataka iwe na matundu 35 ya kipenyo cha milimita 25, yaliyoachana kwa milimita 50, ili niweze kupandisha na kushusha vishikio vya chuma cha uzito. Natumia keekee ya mkononi na biti za kawaida. Baada ya matundu sita tu, ncha ya biti iliungua ikawa ya bluu, na matundu ya ukuta wa pili hayalingani na ya ukuta wa kwanza, kwa hiyo pini haipiti. Nimekosea wapi, na nitaimalizaje kazi hii?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuzungumzia biti, tuitazame kwanza hesabu yenyewe. Matundu 35 katika nguzo nne ni matundu 140, na kwa kuwa kila tundu hupita kuta mbili, unatakiwa kutoboa chuma mara 280. Kazi ya namna hiyo haimalizwi kwa nguvu za mkono wala kwa jicho zuri, bali kwa kifaa kidogo cha kupangia kitakachokuondolea kabisa haja ya kupima, nami nitakieleza kwa kirefu kwa sababu ndicho kitakachookoa nguzo zako.

Kuungua kwa biti kunatokana na mwendo. Biti ya chuma cha kasi (chuma kigumu kinachostahimili joto la kukata) inapokata chuma laini, ukingo wake wa nje unapaswa kusafiri takriban mita 25 hadi 30 kwa dakika, ambayo kwa kipenyo cha milimita 25 ni kama mizunguko 350 kwa dakika, na kwa milimita 17, kipenyo nitakachokupendekezea hapa chini, ni kama mizunguko 500. Keekee nyingi za mkononi zikibanwa hadi mwisho hufikia mizunguko 3,000, na hapo ukingo wa biti yako kubwa unasafiri zaidi ya mita 230 kwa dakika, yaani karibu mara nane ya inavyostahili. Punguza mwendo, sukuma kwa uzito wa kutosha ili biti ikate badala ya kusugua, na weka tone la mafuta ya kukatia kwenye kila tundu. Ukiona chuma kinatoka kwa vipande virefu vilivyojisokota, biti inakula vizuri. Ukiona unga mkavu na moshi, simama, kwa kuwa biti imekwisha kuwa butu na kila sekunde unayoongeza inaiharibu zaidi.

Hata hivyo, biti ya kawaida ya msokoto haifai kwa tundu kubwa katika ukuta mwembamba. Ncha ya biti ya milimita 25 ina urefu wa karibu milimita 7.5 tangu kilele chake hadi pale inapofikia upana wake kamili, ilhali ukuta wako una milimita 3 tu. Maana yake kilele kinatokeza upande wa pili kabla ukingo haujaingia, biti inakosa kitu cha kuiongoza, na tundu linatoka na umbo la pembe tatu. Wakati huohuo biti hudaka chuma na kuizungusha keekee mikononi mwako. Naomba jambo hili usilichukulie kwa wepesi, kwa kuwa keekee yenye nguvu inaweza kuvunja kifundo cha mkono. Funga mpini wa pembeni, bana bomba imara, vaa miwani ya kinga, na usivae glavu karibu na biti inayozunguka, kwani hunaswa na kuvuta vidole.

Kwa ukuta wa milimita 3, ninachokipendelea ni biti ya ngazi, ile yenye umbo la koni inayopanuka kidato baada ya kidato. Hujiweka katikati yenyewe na huacha tundu la duara safi. Chagua yenye vidato virefu kuliko unene wa ukuta, la sivyo kidato kinachofuata kitaanza kukata kabla kilichotangulia hakijamaliza. Kikataji cha pete, ambacho huondoa chuma kwenye mzingo tu na kuacha kisahani katikati, ni bora zaidi kikifungwa kwenye keekee ya kusimama, ile inayoshusha biti wima juu ya meza yake. Mashine ya kutoboa yenye sumaku usiikodi kwa kazi hii, kwa sababu sumaku yake inahitaji chuma kinene zaidi ili ishike barabara.

Sasa tuje kwenye kulingana kwa matundu. Katika fremu yangu ya kwanza nilipima kila tundu kwa tepu kuanzia lile lililotangulia, nikaamini kwamba nusu milimita haidhuru. Nilipofika juu, nguzo moja ilikuwa imeipita mwenzake kwa milimita 4, na chuma kilipokaa kwenye vishikio kililala upande, na ilionekana waziwazi. Nilichojifunza hapo ni kwamba si lazima nafasi iwe milimita 50 kamili. Kinachotakiwa ni nguzo zote nne zifanane, hata kama zote zimekosea kwa kiasi kilekile.

Tafuta keekee ya kusimama, hata ya kuazima. Kwenye meza yake bana kipande cha chuma kilichonyooka kiwe kiegemeo, ili ubavu wa bomba uegemee hapo kila mara na biti ishuke katikati ya upana. Kisha simamisha pini fupi kwenye kibao kilichobanwa mezani, milimita 50 kutoka katikati ya biti, yenye unene unaoingia kwenye tundu bila kucheza. Tundu la kwanza la kila nguzo litobolewe kwa kugotesha mwisho wa bomba kwenye kizuizi kimoja kisichosogezwa. Baada ya hapo unaingiza tundu ulilotoboa kwenye pini, unabana, unatoboa linalofuata, unahamisha, na tepu huigusi tena. Andika alama kwa wino kwenye mwisho ulioanzia, na mwisho huo ndio uwe chini katika nguzo zote. Bomba refu lazima libebwe pande zote mbili kwa kimo sawa na meza, vinginevyo linainama na kutoka kwenye pini.

Anza kwa kutoboa matundu ya milimita 6 katika nguzo zote, kuta zote, ndipo ubadilishe biti na kuyapanua. Kabla hujagusa nguzo, jaribu kwenye kipande cha ziada: toboa ukuta mmoja, lizungushe bomba bila kubadilisha ncha iliyo mbele, toboa ukuta wa pili, kisha pitisha ufito mnyoofu wa milimita 6. Kiegemeo kikiwa kimekosea kwa nusu milimita, matundu yatapishana kwa milimita nzima, kwa kuwa kosa hujirudia upande wa pili. Hilo linakusaidia, maana unaliona mapema na kusogeza kiegemeo.

Naomba pia ufikirie upya ukubwa wa tundu. Pini ya chuma ya milimita 16 ikipita kwenye tundu la milimita 17 inatosha kwa mazoezi ya nyumbani, nayo inakuachia milimita 43 za chuma kwenye uso wa bomba badala ya 35. Matundu ya milimita 25 hupatikana zaidi kwenye fremu za viwandani zenye bomba la milimita 75. Tena, huenda huhitaji matundu 35: yaweke yakaribiane pale kifua kinapolala kwenye benchi na pale bega linapofika ukisimama, na kwingine yaache mbalimbali. Na kama karibu nawe kuna karakana inayokata mabomba kwa leza, wapelekee mchoro wako bila kuona haya. Nguzo nne kwao ni kazi ya muda mfupi, na matundu yatatoka sawa yote.

SWALI: Nimemaliza kutoboa bomba langu, lakini kingo za matundu zinakata vidole. Je, nilehemu kwanza au nisafishe kwanza?

JIBU: Safisha kwanza. Tupa ya duara inatosha kwa nje. Kwa ndani pia pitisha tupa hiyo kwenye tundu, kwa kuwa magamba ya ndani, yaani makali yanayobaki baada ya kutoboa, ndiyo yanayokwaruza pini. Futa mafuta yote, pamoja na yaliyotiririka ndani ya bomba, maana rangi haishiki juu ya mafuta na lehemu itatoka na vitundu. Kama bomba limepakwa zinki, isugue zinki hiyo pale utakapolehemu na ufanye kazi penye hewa nyingi, kwa sababu moshi wake huleta homa. Unapolehemu, pitisha ufito mmoja mrefu kwenye matundu ya nguzo mbili zinazotazamana, juu na chini, na uuache humo mpaka lehemu ipoe kabisa.