Jibu: Waifai haifiki chumba cha nyuma, nyumba ya zamani Bagamoyo

Mkuu, pole. Umesema sebuleni intaneti inakwenda vizuri, ila chumba cha nyuma simu inaona jina la waifai lakini haifungui kitu. Basi usihangaike kubadilisha kifurushi, laini yako ni nzima. Shida ni ukuta. Nyumba za Mji Mkongwe hapo Bagamoyo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kweli, mawimbi hupita kwa taabu.

Kwanza itoe ruta, kile kifaa kinachosambaza waifai, nyuma ya televisheni. Iweke juu ya kabati, usawa wa mlango wa korido, mbali na friji na kioo kikubwa. Kisha angalia majina ya waifai kwenye simu: ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Ya 5 yana kasi, lakini mbele ya ukuta kama huo hayafui dafu. Simu ya chumbani iunge kwenye 2.4. Kama jina ni moja tu, ingia kwenye mipangilio uyatenganishe.

Anwani ya kuingilia kwenye mipangilio, unayoiandika kwenye kivinjari cha simu, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, tazama kibandiko chini ya ruta. Humo humo, kwa 2.4, jaribu chaneli (njia ya mawimbi) 1, 6 au 11, maana majirani wakijazana kwenye moja, jioni intaneti inakwama. Na nenosiri la kiwandani libadilishe leo leo, nakusihi.

Ikishindikana, usinunue ripita (kifaa cha kupokea waifai na kuirusha tena), nyingi hupunguza kasi. Vuta waya wa mtandao hadi koridoni, ufunge ruta ya pili hapo.