Kabla ya kulaumu mpini, angalia uzito wa ndege yako umekaa wapi

Kwenye mapambano ya ndege za mfano za nyaya, yaani ndege ndogo zenye injini zinazozunguka duara zikiongozwa kwa nyaya, ukishapaa huna muda wa kuitazama ndege yako. Macho yote yako kwenye utepe wa karatasi unaoburutwa na ndege ya mpinzani. Mmesimama wawili katikati ya duara moja, kila mtu na mpini wake wa kuongozea ndege na nyaya mbili za karibu mita 16, na mna dakika 4 za kukatana tepe. Kila mkato pointi 100. (Hapa nazungumzia daraja la kimataifa, F2D, ambalo injini yake haizidi sentimita za ujazo 2.5.) Ndege inayotaka kushikwa mkono muda wote haikufai, hata iwe nyepesi kugeuka namna gani.

Wengi hupenda mkia uwe mzito kidogo, kwa sababu ndege hugeuka upesi na mazoezini inapendeza. Shida huja ukiikaba kona: inapoteza mwendo, inazama, na ikirudi kwenye mstari haitulii. Mimi naanza na pua nzito kidogo kuliko mchoro wa kuundia ndege unavyosema. Ndege ikiwa nzito kugeuka, natanua nafasi kati ya nyaya pale kwenye mpini, na wepesi mwingi unarudi bila kugusa kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapolingana mbele na nyuma.

Pima ndege ikiwa kamili: propela utakayorukia, plagi ya injini, ndoano ya utepe, ila tangi tupu. Weka alama mbili chini ya bawa, kushoto na kulia, umbali uleule kutoka ukingo wa mbele, kisha iegemeze kwenye ncha za penseli mbili. Vidole vinadanganya. Ukibadilisha propela ya plastiki ukaweka nyingine nzito zaidi, pima upya.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni matengenezo. Ndege hizi zinagongana, zinaanguka, zinaunganishwa usiku na kesho yake zinarudi uwanjani. Gramu 3 tu za gundi na selotepu kwenye mkia, sentimita 30 nyuma ya kitovu cha uzito, zinadai gramu 9 puani ikiwa uzito wa puani unakaa sentimita 10 mbele ya kitovu hicho. Kwa hiyo gundi ya mkiani naipaka kwa ubahili, na iliyozidi naifuta kabla haijakauka. Ikibidi kuongeza risasi (ile metali nzito) puani, ifunge kwa skrubu za injini. Ya kubandika, mtikisiko wa injini utaibandua, na kipande cha risasi kinachoruka mbele ya watu si jambo la mzaha.

Halafu kuna bawa la nje. Ndege inabeba sehemu ya uzito wa nyaya upande wa ndani, ndiyo maana ncha ya nje huwekewa risasi. Chubwi ndogo za kuvulia samaki zinatosha. Mwombe mwenzako asimame nje ya duara, usawa wa macho na ndege. Ruka mlalo, kisha ruka kichwa chini. Bawa la nje likining'inia kuelekea ardhini mara zote mbili, risasi imezidi. Likiwa chini mara ya kwanza na juu mara ya pili, bawa limepinda, na hakuna risasi itakayotibu hilo, linyooshe kwanza. Ukiona linapepesuka kwenye kona kali tu, punguza kidogo kidogo. Usiiondoe yote, maana nyaya zikilegea umebaki na mpini usiotawala kitu.

Mwisho, jaribu na utepe na bila utepe. Ukiburutwa nyuma, utepe unaituliza ndege, na makosa mengi ya uzito hujificha hapo. Mpinzani akiukata wote, ndege inaongeza mwendo na kuwa kali ghafla, nawe bado una dakika kadhaa za kuirusha.