Chatu wangu hajala kwa wiki tisa: je, nimlishe kwa nguvu?

SWALI: Daktari, nakusalimu. Ninafuga chatu jike mwenye umri wa miaka mitatu, wa ile aina ndogo ambayo hujiviringa kama mpira inapoogopa. Alikuwa akila panya mmoja kila baada ya wiki mbili bila shida yoyote, lakini sasa ametimiza wiki tisa bila kutia kitu mdomoni. Alianza kukataa wiki moja baada ya kumhamishia kwenye tangi jipya la kioo, kubwa na lenye mwanga mzuri. Alikuwa na gramu 1,480 na sasa ana gramu 1,410. Kila baada ya siku tatu humwekea panya hai na kumwacha naye hadi asubuhi. Mwenzangu anayefuga nyoka amenishauri nimfungue mdomo na kumsukumia chakula kwa nguvu. Je, nifanye hivyo?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usifanye hivyo. Meno ya chatu ni membamba na yamepinda kuelekea nyuma, umio wake huchanika kwa urahisi, na tundu lake la kupumulia liko sakafuni mwa mdomo, mbele kabisa, mahali ambapo mkono usio na mazoea huliziba au kuliumiza bila kujua. Kumlisha kwa nguvu ni kazi ya daktari, nayo hufanywa pale tu nyoka anapokuwa amedhoofika na chanzo cha kudhoofika kwake kimekwisha kutafutwa. Chatu wako hajafika huko.

Nasema hajafika huko kwa sababu umenipa jambo ambalo wengi hawanipi, yaani uzito. Amepoteza gramu 70, ambazo ni chini kidogo ya asilimia 5 ya uzito wake wa awali. Nyoka hatumii chakula kutengeneza joto la mwili kama tufanyavyo sisi, kwa hiyo mahitaji yake ni madogo sana, na chatu wa aina hii, ambaye wataalamu humwita Python regius, hujulikana kwa kususia chakula kwa miezi kadhaa akiwa mzima wa afya, hasa katika msimu wa kuzaliana. Dume hususa akitafuta jike, na jike, mayai yanapokua tumboni mwake, husita kula. Kwa hiyo idadi ya wiki pekee hainitii hofu. Kinachonitia hofu ni mizani: akifikia gramu 1,330, yaani akiwa amepoteza karibu asilimia 10, mpeleke kwa daktari anayetibu reptilia hata kama huoni dalili nyingine. Mpime mara moja kwa wiki, akiwa ndani ya mfuko wa kitambaa juu ya mizani ya jikoni, uandike tarehe na uzito, kisha umrudishe bila kumchezea.

Sasa turudi kwenye lile tangi, maana kwa maelezo yako naona ndipo tatizo lilipoanzia. Katika nyika za Afrika Magharibi na ya Kati, chatu huyu hushinda ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vilivyoachwa, mahali penye giza ambapo mwili wake hugusa kuta pande zote. Tangi kubwa la kioo lenye mwanga, ambalo kwa macho yetu ni zuri, kwake ni uwanja wa wazi usio na pa kujificha, na nyoka anayejiona yuko hatarini hali. Funika pande tatu za tangi kwa nje kwa karatasi nzito. Weka maficho mawili yanayofanana, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, yawe finyu kiasi kwamba akijikunja ndani mgongo wake unagusa paa. Asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Nafasi inayobaki ijaze matawi na majani ili aweze kutembea bila kuonekana.

Joto nalo lahitaji kuangaliwa upya, tena kwa makini. Mara nyingi nikiuliza huambiwa kwamba joto ni zuri, nyuzi 32. Nikiomba picha naona kipimajoto kimebandikwa juu ukutani, karibu na taa, ilhali tumbo la nyoka liko chini sakafuni, ambako ukiweka kipimajoto cha kidijitali chenye kihisi cha waya unakuta nyuzi 26. Weka kihisi palepale anapolala, ndani ya maficho. Upande wa joto uwe na nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, upande wa baridi 25 hadi 27, na unyevu wa hewa usipungue asilimia 55. Kifaa chochote cha kupasha joto kiunganishwe na themostati, yaani kidhibiti joto, kwani nyoka anaweza kulalia kitu kinachomuunguza bila kuondoka. Chatu aliyepoa hawezi kusaga chakula; hata akila, panya huanza kuoza tumboni naye hutapika. Kwa maana hiyo, kukataa kwake kunaweza kuwa ndiko kunakomlinda.

Kuhusu panya hai, naomba uache kabisa kumwacha naye usiku. Niliwahi kuletewa chatu aliyekaa na panya hai usiku mmoja tu; ngozi ya mgongo ilikuwa imetafunwa kiasi cha urefu wa kiganja na nyama zikiwa wazi, na nyoka mwenyewe alikuwa amejikunja akificha kichwa, hakujitetea hata kidogo. Nyoka asiye na hamu ya kula hamshambulii panya, lakini panya mwenye njaa humtafuna nyoka.

Tengeneza makao kwanza, halafu usimpe chakula wala kumshika kwa siku 10 kamili, isipokuwa kumbadilishia maji na kumpima. Kila jaribio linaloshindikana humwongezea hofu, na siku tatu ulizokuwa ukiacha kati ya jaribio na jaribio ni chache mno. Baada ya hapo tumia panya aliyekwisha kuuawa na kugandishwa. Mtoe kwenye friza aache kuganda taratibu ndani ya jokofu, kisha mtie katika mfuko usiopenya maji na kumzamisha kwenye maji ya moto ya wastani hadi mwili wake ufikie nyuzi 38 hivi. Usitumie maikrowevu, kwani humpika sehemu moja na kumwacha baridi sehemu nyingine. Joto hilo lina umuhimu wake: chatu ana vishimo vya kuhisi joto kwenye midomo, na panya wa baridi kwake si windo. Mpe jioni, taa zikiwa zimezimwa, ukimshika panya kwa kibano kirefu, kichwa chake kikitangulia, mbele ya mlango wa maficho. Asipomkamata, mwache panya hapo mlangoni, uondoke, na asubuhi umtupe. Usijaribu tena kabla ya siku 7.

Ukiona macho yamekuwa na rangi ya maziwa na ngozi imefifia, anajiandaa kujivua gamba; subiri amalize.

Zipo dalili ambazo hazingoji mizani. Mpeleke kwa daktari mara moja ukimsikia akikoroma au kutoa mlio anapovuta pumzi, ukiona mapovu puani au mdomoni, usaha au wekundu kwenye fizi, vidoto vyeusi vinavyotembea kuzunguka macho au vilivyozama kwenye bakuli la maji (huo ni utitiri), akitapika zaidi ya mara moja, au akigeuzwa chali akashindwa kujigeuza. Chukua pia kinyesi kibichi, kama kipo, ili kipimwe minyoo.

Siku atakapokula, usijaribu kufidia wiki zilizopita. Utumbo wa chatu hupungua kati ya mlo na mlo na kukua tena baada ya kula. Kwa chatu wa Burma uzito wa utumbo mwembamba huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku mbili. Windo la kwanza liwe nusu ya ukubwa aliouzoea, usimshike kwa angalau saa 48, na mlo wa pili uje baada ya siku 10, ukiwa mdogo vilevile.